Alama Si Pambo: Misingi ya Kuumbiza Matini kwa Wahariri Wapya wa Wikipedia ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika maandishi ya mtandaoni chema kinaweza kukosa mnunuzi kwa sababu tu kimepangwa ovyo. Mwanafunzi anaweza kuandika maelezo sahihi kuhusu mtunzi fulani wa pwani, lakini beti zikasongamana katika mstari mmoja, aya zikatumbukia katika visanduku, na viungo vyote vikawa vyekundu. Msomaji akifika hapo huondoka bila kusoma. Mhariri mwenye uzoefu naye huweka alama kwamba ukurasa unahitaji kusafishwa.

Makala haya yanalenga kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili anayeanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili. Yanashughulikia umbizo la matini, yaani namna maandishi yanavyopangwa na kutiwa alama ili programu iyaonyeshe inavyostahili. Hoja kuu ni kwamba alama za wiki si pambo bali ni aina ya sarufi: kila alama ina kazi, mahali pake na athari yake ikikosewa. Aidha, makala yanadhihirisha kuwa Kiswahili kina mahitaji yake. Ritifaa ya ng', viambishi awali vya ngeli na umbo la ushairi ni mambo matatu ambayo mwongozo ulioandikiwa wahariri wa Kiingereza hauna sababu ya kuyagusa.

Wiki ni nini?

Wiki inayozungumziwa hapa si ile ya siku saba. Asili ya neno hili ni lugha ya Hawaii, ambamo lina maana ya haraka. Mmarekani Ward Cunningham alilitumia mwaka 1995 kuupa jina mfumo wake wa kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuzihariri papo hapo. Wikipedia ya Kiingereza ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Mnamo mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania wakashiriki. Kwa hivyo uhusiano wa wanafunzi wa vyuo na kamusi elezo hii si jambo geni.

Wikipedia huendeshwa kwa programu iitwayo MediaWiki. Mhariri ana njia mbili za kufanya kazi. Njia ya kwanza, iliyoanza kuenezwa katika Wikipedia mwaka 2013, humwezesha kuandika kana kwamba anatumia programu ya kawaida ya kuchapa katika tarakilishi. Ya pili ni kuhariri chanzo, yaani kuandika maneno pamoja na alama zake waziwazi. Njia ya kwanza ni nyepesi, lakini anayeijua hiyo pekee hukwama siku umbizo linapoharibika, kwa kuwa kasoro huonekana vyema katika chanzo. Ndiyo sababu makala haya yanajikita katika chanzo.

Herufi nzito na italiki

Alama za mwanzo kujifunza ni ritifaa. Ritifaa mbili kila upande wa neno hulilaza neno hilo kwa italiki. Ritifaa tatu hulifanya kuwa la herufi nzito. Kwa mfano:

''Kusadikika'' hutoa italiki
'''Shaaban Robert''' hutoa herufi nzito

Izingatiwe kwamba hizi ni ritifaa mbili zilizofuatana, wala si alama moja ya kunukuu. Kwa macho alama hizo zinakaribiana sana. Kwa programu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Katika Wikipedia herufi nzito hutumiwa kwa jina la mada pale linapotajwa mara ya kwanza katika sentensi ya ufunguzi. Italiki hutumiwa kwa anwani za vitabu, tamthilia, diwani na magazeti, na pia kwa neno linalojadiliwa kama neno. Wanafunzi wengi wamezoea kupigia mstari anwani ya kitabu kwa sababu ndivyo walivyofunzwa kuandika kwa kalamu. Mtandaoni mazoea hayo hayafai, kwani msomaji hudhani kila kilichopigiwa mstari ni kiungo, akabonyeza na kukuta si chochote.

Jambo jingine ni kwamba athari ya ritifaa hukoma mstari wa chanzo unapokoma. Anayetaka mishororo minne iwe ya italiki hana budi kuweka alama mwanzoni na mwishoni mwa kila mshororo.

Ritifaa na tatizo la ng'

Tahajia sanifu ya Kiswahili hutofautisha ng' na ng kwa ritifaa. Bila ritifaa, ng'oa, yaani kung'oa mti au jino, hugeuka kuwa ngoa, ambayo ni wivu au tamaa. Alama hii ndogo basi hubeba maana. Matatizo mawili huzuka inapokutana na alama za wiki.

Tatizo la kwanza ni umbo la ritifaa yenyewe. Wanafunzi wengi huandika kazi zao kwanza katika programu ya kuchapa, kisha hunakili na kubandika. Programu hizo aghalabu hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’) bila kumwarifu mwandishi. Ritifaa iliyopinda haina nguvu ya umbizo katika wiki: ukiweka mbili kila upande wa neno, neno halilali, na alama zenyewe hubaki zikionekana. Kibaya zaidi, programu huona [[Ng'ombe]] na [[Ng’ombe]] kuwa anwani mbili tofauti. Mhariri anayeandika kiungo kwa ritifaa iliyopinda anaweza kukuta kiungo chekundu, akadhani makala hayapo, akaanza kuyaandika upya. Hivyo ndivyo mada moja huishia kuwa na kurasa mbili zisizojuana. Suluhisho ni kuizima huduma hiyo ya kugeuza alama kabla ya kuchapa, au kuandika moja kwa moja katika ukurasa wa kuhariri.

Tatizo la pili humpata hasa mwanafunzi wa fonolojia. Neno ng'ombe likiwekwa kati ya ritifaa mbilimbili halileti shida, kwa maana ritifaa ya ndani ni moja na ipo katikati ya neno. Shida huja pale ng' inapoandikwa peke yake kwa italiki, kwa kuwa mwishoni zinafuatana ritifaa tatu:

''ng'''

Programu haiwezi kujua kwa hakika kama hizo ni ritifaa moja ya tahajia na mbili za italiki, au ni tatu za herufi nzito. Huzihesabu alama zote za mstari huo na kukisia. Mara nyingine hukisia sawa. Mstari ukiwa na maneno mengine ya herufi nzito au ya italiki, kisio linaweza kwenda kombo na kuharibu maneno yanayofuata. Njia salama ni kuiambia programu waziwazi kwamba ritifaa moja ni ya neno wala si ya umbizo:

''ng<nowiki>'</nowiki>''

Kilichomo kati ya <nowiki> na </nowiki> huonyeshwa kilivyo, bila kufasiriwa.

Vichwa vya sehemu

Makala marefu hugawanywa kwa vichwa. Kichwa huandikwa katika mstari wake, kati ya alama za sawasawa:

== Maisha ==
=== Elimu ===

Alama mbilimbili ni za kichwa kikuu cha sehemu. Tatutatu ni za kichwa kidogo kilicho chini yake. Alama moja haitumiki, kwani ngazi hiyo ni ya anwani ya ukurasa mzima, ambayo programu huiweka yenyewe. Kuruka ngazi, kwa mfano kutoka mbili hadi nne, ni sawa na kuandika sura ya kwanza na kuifuatisha kifungu cha kifungu.

Baadhi ya wahariri wapya hutengeneza kichwa kwa kukiandika kwa herufi nzito pekee. Machoni huonekana kama kichwa, lakini programu haikitambui. Hakiingii katika orodha ya yaliyomo ambayo programu hujitengenezea. Hali kadhalika, msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa kwa sauti, huruka kutoka kichwa hadi kichwa ili kufikia sehemu anayoitaka. Kichwa bandia kwake ni aya kama aya nyingine. Hapa ndipo inapodhihirika kuwa alama si pambo: mwandishi mmoja amepaka rangi, mwingine amejenga mlango.

Vilevile, desturi ya shuleni ya kuandika anwani kwa herufi kubwa tupu haifuatwi. Herufi ya kwanza na majina maalum yatosha.

Aya, nafasi na beti

Katika chanzo cha wiki, kubonyeza kitufe cha kushuka mstari mara moja hakuanzishi aya. Programu huiunganisha mistari hiyo miwili kuwa mmoja. Aya mpya huanza palipoachwa mstari mtupu. Aidha, aya haitangulizwi na nafasi. Mwanafunzi aliyezoea kuingiza aya ndani kidogo, kama ilivyo katika insha, atashangaa: nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari huifanya programu iufungie mstari huo katika kisanduku, kwa herufi zinazofanana na za taipureta.

Kanuni ya kuunganisha mistari haimsumbui mwandishi wa nathari. Kwa mwanafunzi wa ushairi ni msiba. Tuchukue ubeti huu wa utenzi uliotungwa kwa ajili ya somo hili:

Andika kwa taratibu
Kila neno lihesabu
Alama zina sababu
Msomaji aelewe

Ukiandikwa hivyo katika chanzo bila alama yoyote, msomaji ataona hivi:

Andika kwa taratibu Kila neno lihesabu Alama zina sababu Msomaji aelewe

Mizani nane za kila kipande zimebaki, kina cha -bu kimebaki, lakini umbo limepotea. Msomaji mgeni hawezi kujua kipande kinaishia wapi. Ikumbukwe kwamba waandishi wa kale wa tenzi waliotumia hati za Kiarabu waliweza kuandika vipande vya ubeti katika mstari mmoja, na wakavitenganisha kwa alama. Walijua kuwa mstari ukiunganishwa lazima pawepo kitu cha kuonyesha mpaka. Mhariri wa leo naye anahitaji kitu hicho, na dawa yake ni kuuweka ubeti kati ya alama hizi:

<poem>
Andika kwa taratibu
Kila neno lihesabu
Alama zina sababu
Msomaji aelewe
</poem>

Ndani ya alama hizo kila mstari hubaki mahali pake, na mstari mtupu hutenga ubeti na ubeti. Kwa shairi la tarbia, ukwapi na utao huandikwa katika mstari mmoja na kutenganishwa kwa mkato, kama ilivyo katika diwani zilizochapishwa. Panapohitajika kushuka mstari mara moja tu nje ya ushairi, 
 hutumiwa.

Orodha

Orodha isiyo na nambari huanza kwa kinyota (*), na yenye nambari huanza kwa alama ya reli (#). Alama huwekwa mwanzo kabisa wa mstari, na kila kipengele huwa na mstari wake. Vinyota viwili huonyesha kipengele kilicho ndani ya kingine.

Kosa linalojirudia ni kuacha mstari mtupu kati ya vipengele vyenye nambari. Programu hudhani orodha imekwisha na nyingine imeanza, hivyo kila kipengele huwa nambari 1. Ifahamike pia kwamba orodha haichukui nafasi ya maelezo. Vitabu vya mwandishi vyafaa kuorodheshwa; maisha yake yahitaji aya.

Viungo na viambishi vya ngeli

Kiungo huandikwa kwa mabano ya mraba mawilimawili: [[Tanga]]. Ikiwa makala ya Tanga yapo, kiungo huwa cha buluu. Yasipokuwapo, huwa chekundu. Kiungo chekundu si lazima kiwe kosa. Kikitokana na tahajia mbaya ni kosa. Kikitokana na mada muhimu ambayo haijaandikiwa, ni mwaliko. Herufi kubwa na ndogo nazo huzingatiwa, isipokuwa herufi ya kwanza kabisa ya anwani. Kwa hiyo [[shaaban Robert]] hufika, lakini [[Shaaban robert]] hupotea.

Hapa sarufi ya Kiswahili huingia kwa kishindo. Anwani za makala aghalabu huwa katika umoja: kitabu, mwandishi, mji. Katika Kiingereza wingi huundwa mwishoni mwa neno, na programu ina njia ya mkato: herufi zinazofuata mabano bila nafasi huungana na kiungo. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, na njia hiyo haifiki huko. Mhariri analazimika kutumia kistari wima, upande wa kushoto akiweka anwani ya makala na wa kulia neno linalopaswa kuonekana:

[[kitabu|vitabu]]
[[mwandishi|waandishi]]
[[mji|miji]]

Njia ya mkato hufaa kwa kiambishi tamati cha mahali: [[mji]]ni huonyesha neno mjini lote likiwa kiungo cha makala ya mji. Mhariri asiyejua kistari wima huandika [[waandishi]] na kupata kiungo chekundu, au hulazimisha umoja pasipostahili na kuvunja upatanisho wa kisarufi. Yote mawili yanaepukika kwa alama moja.

Aidha, si kila neno linalostahili kiungo. Mada huunganishwa inapotajwa mara ya kwanza, na ile tu inayomsaidia msomaji kuelewa. Ukurasa uliojaa buluu huchosha macho.

Marejeo na jamii

Kila dai linalohitaji ushahidi hufuatwa na chanzo chake kati ya <ref> na </ref>. Programu huweka nambari ndogo mahali hapo na kuyakusanya marejeo palipoandikwa <references />. Mwishoni mwa ukurasa huwekwa jamii, yaani kundi la mada linalohusika, kwa mfano [[Jamii:Waandishi wa Tanzania]]. Ukurasa usio na jamii ni kama kitabu kilichoingizwa maktabani bila kuwekwa rafuni: kipo, lakini anayekitafuta hakioni.

Mfano mfupi wa ukurasa mzima ni huu:

'''Shaaban Robert''' (1909–1962) alikuwa [[mshairi]] na [[mwandishi]] wa [[Kiswahili]] kutoka [[Tanga]].<ref>Jina la mwandishi, ''anwani ya kitabu'', mwaka, ukurasa.</ref>

== Maandishi ==
Miongoni mwa [[kitabu|vitabu]] vyake ni:
* ''Kusadikika'' (1951)
* ''Adili na Nduguze'' (1952)

== Marejeo ==
<references />

[[Jamii:Waandishi wa Tanzania]]

Mistari hii michache ina karibu kila alama iliyojadiliwa hapo juu. Anayeweza kuisoma na kueleza kazi ya kila alama yuko tayari kuanza.

Hakikisho na majadiliano

Kabla ya kuhifadhi, mhariri atazame hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana. Hatua hii hufichua ritifaa zisizofungwa, beti zilizosongamana na viungo vilivyopotea. Hata hivyo, asiogope kupita kiasi. Kila toleo la ukurasa huwekwa katika historia, na kosa linaweza kutenduliwa kwa kulirejesha toleo lililotangulia.

Kila makala yana ukurasa wake wa majadiliano. Huko mhariri huweka sahihi kwa kuchapa alama nne za wimbi (~~~~), ambazo programu huzigeuza kuwa jina lake, saa na tarehe. Nukta pacha mwanzoni mwa mstari huingiza jibu ndani kidogo ili ijulikane nani anamjibu nani. Sahihi haiwekwi katika makala yenyewe, kwani makala ni mali ya wote.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba umbizo la matini katika wiki ni sehemu ya uandishi wenyewe. Kichwa cha kweli humwongoza asiyeona, alama za ubeti hulinda umbo la shairi, ritifaa sahihi huokoa neno na anwani yake, na kistari wima huwezesha ngeli kupatana. Mwanafunzi wa Kiswahili ana faida katika haya: amefunzwa kuhesabu mizani na kutambua viambishi, na anajua kuwa kosa la herufi moja hugeuza maana. Anachohitaji ni kuuhamisha uangalifu huo hadi kwenye alama chache alizosomeshwa hapa.

Inapendekezwa kuwa wahadhiri wa fasihi na isimu wawape wanafunzi zoezi moja katika muhula: kila mmoja achague mtunzi, istilahi au bahari ya ushairi ambayo kiungo chake bado ni chekundu, aiandikie ukurasa wenye marejeo, na wenzake waukague chanzo chake alama kwa alama. Kazi za muhula aghalabu husomwa na mhadhiri mmoja na kuishia kabatini. Ukurasa huu utasomwa na yeyote anayetafuta maarifa kwa Kiswahili, na utaweza kurekebishwa na kurefushwa na watakaofuata. Haba na haba hujaza kibaba.